Presha ya tairi, presha ya damu, presha ya roho: wasomaji wauliza

Mwezi huu nimeamua kuzijibu pamoja barua zilizokuja kuhusu neno moja, presha. Ya kwanza ilitoka Kisauni, na nilipoisoma nikaona nyengine zilizokuwa mezani zaingia mule mule ingawa walioandika hawajuani: mmoja ana shida ya maji, mwengine ya tairi, na kuna mama ambaye mwanawe hampi nafasi mpaka aende akapime. Jibu la kwanza ni refu, nivumilieni, manake hayo mengine yote yalitegemea hilo.

SWALI: Assalaam aleikum. Sisi twakaa barazani baada ya isha na juzi kulizuka mjadala hatukuumaliza. Mmoja wetu ni fundi wa pancha huko Kongowea, kwake presha ni ya tairi. Mwengine ni fundi wa mifereji, kwake presha ni ya maji. Jirani yetu yuatumia dawa za presha. Na mimi mwenyewe mwisho wa mwezi ukikaribia na kodi haijapatikana nasema nina presha. Sasa hili ni neno moja ama ni maneno manne yafananayo tu? Na lilianza kwa nani, kwa fundi ama kwa daktari? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Neno ni moja, na kati ya hizo presha nne mlizozitaja tatu ni kitu kimoja kabisa, zapimika kwa kanuni moja na waweza kuchukua namba ya huku ukaigeuza ukaipeleka kule na isikosee. Ile ya nne, ya kodi, ndiyo iko kando. Na kilichonifanya niishike barua yako ni kwamba hiyo ya nne ndiyo yatuharibia ile ya tatu, kuna watu wanapooza upande na wengine wanakufa kwa kuchanganya hizo mbili, ntafika huko.

Wataalamu wa Dar es Salaam walipotunga istilahi za fizikia za Kiswahili hawakutaka kubaki na presha, wakatunga kanieneo, yaani kani na eneo zimeunganishwa. Kani ni ile nguvu ya kusukuma au kuvuta, na eneo ni ukubwa wa mahali nguvu yenyewe yaangukia. Neno hili halikushika mitaani, hutamsikia fundi akilalamika kuwa kanieneo ya tairi imeshuka, lakini mimi nalipenda sana manake limebeba hesabu nzima ndani yake: chukua nguvu, igawanye kwa eneo, basi. Sukuma mlango wa mbao kwa kiganja, hakuna kitakachotokea, sukuma kwa ncha ya msumari kwa nguvu ile ile na mbao yatoboka. Nguvu haikuongezeka hata kidogo, eneo ndilo lililopungua.

Sasa mwambie huyo rafiki yako wa Kongowea atoe geji yake aitazame vizuri. Ikisoma 32 yamaanisha ratili (pauni) 32 za nguvu kwa kila inchi moja ya mraba ya ngozi ya tairi kwa ndani, hiyo ndiyo PSI. Gari dogo la kilo 1,200 lasimama juu ya matairi manne, kwa hivo kila tairi labeba kama kilo 300, ukigawanya kwa hiyo presha utapata kwamba kila tairi lagusa lami kwa sehemu ya kama sentimita 130 za mraba tu, karibu na ukubwa wa mkono wa mtu mzima na vidole vikiwa vimebanwa pamoja. Ivo ndivo gari zima na watu wake na mizigo yao linavyotembea barabarani, juu ya sehemu nne za ukubwa wa mkono. Na upepo ukipungua, uzito haujabadilika lakini presha imeshuka, kwa hivo lazima eneo liongezeke, tairi lalala. Fundi huyajua haya kwa jicho kabla hata hajatoa geji.

Mmeuliza lilianza kwa nani. Si kwa fundi wala si kwa daktari, na hapa ndipo wengi watashangaa, manake ile presha yako ya kodi ndiyo kongwe kuliko zote. Waingereza walilipata neno kutoka Kilatini kupitia Kifaransa, mzizi wake ni kubana na kukandamiza, na katika maandishi yao ya karne ya 14 tayari lilikuwa na maana ya dhiki, mateso, roho kubanwa. Wanasayansi wakaja kuliazima kwenye karne ya 17 walipoanza kushughulika na hewa na maji. Mwaka 1643 Torricelli kule Italia alijaza zebaki kwenye neli ya kioo, akaipindua ndani ya bakuli la zebaki, na ile zebaki ikashuka kidogo ikasimama kwenye kimo cha kama sentimita 76, ikakataa kushuka zaidi. Kilichoizuia ni uzito wa hewa iliyo juu yetu ukiikandamiza zebaki ya kwenye bakuli. Miaka mitano baadaye, 1648, Pascal wa Ufaransa akamtuma shemeji yake apande mlima uitwao Puy de Dôme na neli kama hiyo, na kadiri alivyopanda zebaki ikawa yashuka, manake juu ya mlima hewa iliyobaki ya kukukandamiza ni chache. Wewe ukisimama pale Mama Ngina hapa Mombasa ukitazama bahari, hewa yakukandamiza kwa ratili 14.7 kwenye kila inchi ya mraba ya mwili wako, na huisikii kwa sababu ndani yako nako kwasukuma vile vile.

Hapo neno lilikuwa limeshatoka rohoni likaingia maabara. Likaingia jikoni na karakana. Denis Papin, Mfaransa aliyehamia Uingereza, mwaka 1679 aliwaonyesha wanasayansi wa London chungu chake cha chuma chenye kifuniko cha kufungwa kwa skrubu, alichemsha mifupa humo mpaka ikalainika, na kwa kuogopa kisipasuke akakiwekea valvu ya kutoa mvuke ukizidi. Ile sufuria ya presha uliyo nayo nyumbani, yenye kile kidude kinachopiga mluzi, ni mjukuu wa chungu hicho. Maji yakibanwa kwa ratili 15 zaidi ya hewa ya kawaida hayachemki mpaka yafike kama nyuzi 121, ndio maana pweza aliyekushinda asubuhi nzima kwenye sufuria ya kawaida huku ndani analainika upesi.

Halafu zikaja injini za mvuke, na ni hapa, kwa maoni yangu, neno lilipata ile sura tunayoijua leo. James Watt alitumia mvuke wa presha ndogo na aliipinga vikali presha kubwa, aliona ni hatari. Richard Trevithick yeye akaishikilia, manake presha kubwa yakupa injini ndogo yenye nguvu, injini unayoweza kuiweka juu ya magurudumu ikajivuta yenyewe. Mwaka 1803 boila yake moja, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ikalipuka Greenwich, ikaua watu 4. Katika karne ile maboila yalipasuka kwenye viwanda, kwenye meli, kwenye reli, na watu wakawa wayaona haya kwa macho yao: chombo kimefungwa, moto uko chini, sindano ya geji yapanda, na kusipokuwa na mahali pa kutokea kitapasuka. Wakaanza kujizungumzia wenyewe hivo hivo, mtu anachemka, mtu amefikia kupasuka, mtu ahitaji kutoa mvuke. Lile neno la dhiki likarudi kwa mwanadamu lakini sasa limerudi na geji na boila. Zamani dhiki ilikuwa yakubana kutoka nje. Baada ya injini ikawa yakujaa kutoka ndani.

Na sisi wa Mombasa hatukuwa mbali na mambo haya. Reli ilianza kujengwa hapa 1896 ikafika Kisumu 1901, na kwa miongo mingi ilivutwa na injini za mvuke. Zile kubwa kabisa, Garratt za daraja la 59, zilijengwa Manchester 1955 na 1956, zilikuwa 34, zote zikapewa majina ya milima, na boila zake zilifanya kazi kwa ratili 225 kwa inchi ya mraba, mara saba ya tairi la gari dogo. Moja yao, Mount Gelai, namba 5918, iko makumbusho ya reli Nairobi, ukienda ingia pale anapokaa dereva utazame geji ilivyowekwa mahali macho yake yasingeweza kuikosa. Hata hiyo stima mnayolipia kila mwezi, asili ya jina lake ni mvuke, wazee walikuwa wakiita stima ile meli ya moshi inayoingia bandarini, kisha jina likahamia kwenye nguvu za umeme na kule kwenye meli likafifia. Maneno ya mitambo hayakai mahali pamoja.

Sasa damu. Mtu wa kwanza kupima presha ya damu kwa namba alikuwa kasisi wa Uingereza, Stephen Hales, na habari zake alizichapisha 1733. Alimlaza farasi jike, akamfunga, akaingiza neli kwenye mshipa mkubwa wa mguu na kuiunganisha na neli ndefu ya kioo iliyosimama wima, na damu ikapanda futi 8 na inchi 3. Ni kipimo kile kile fundi wa mifereji angekielewa bila kuelezwa, kimo cha maji kwenye bomba. Lakini huwezi kumfanyia binadamu hivo kliniki. Ikabidi kungoja mpaka 1896, mwaka ule ule reli inaanza hapa kwetu, ambapo daktari wa Italia Scipione Riva-Rocci kule Turin alitengeneza mashine ya kufunga mkono kwa nje, ukaupiga upepo mpaka mshipa ukabanwa kabisa, ukatazama zebaki imefika wapi. Na ule mkanda wa kwanza unajua aliutengeneza kwa nini? Tyubu ya baiskeli. Dunlop alikuwa ametengeneza tairi lake la upepo la baiskeli Belfast 1888, hata miaka kumi haijapita tyubu ishafika kwenye mkono wa mgonjwa. Mpe salamu zangu fundi wa Kongowea na umwambie hilo. Mwaka 1905 Mrusi Korotkov akaongeza kuusikiliza mshipa kwa chombo cha masikioni, na ndivyo manesi wetu wengi walivyofunzwa.

Kwa hivo ukisikia 120 kwa 80, hizo ni milimita za zebaki, zebaki ile ile ya Torricelli. Ukiigeuza 120 kuwa PSI utapata 2.3 tu. Presha ya damu yako ni kama sehemu moja kati ya kumi na nne ya presha ya tairi la gari.

Ile ya kodi sasa. Hiyo haina geji, haina milimita wala ratili, na haimaanishi ni ya uongo, nani asiyeijua. Magazeti yamelichukua neno la Kiswahili, shinikizo, wakaligawanya huku na huku: serikali imewekewa shinikizo, kocha yuko chini ya shinikizo, na habari za afya wasoma shinikizo la damu. Barazani na kliniki watu wamebaki na presha. Twasema usinipe presha, wanipandisha presha, kazi ya presha, presha ya rika kwa vijana, na zote ziko sawa katika mazungumzo, lugha ina haki hiyo. Taabu yaanza pale mtu anapomwambia nesi "mimi sina presha, sina mawazo yoyote" na nesi naye akaandika.

SWALI: Nyumba tunayokaa ni ya ghorofa tatu, tangi la lita 1,000 liko juu ya paa na sote twalitumia. Wa chini maji yao yana nguvu, mimi niliye juu kabisa napata kijitiririko tu, na ile shawa ya umeme haiwaki. Mwenye nyumba amekubali nichangie tuweke tangi la lita 5,000 ili presha iongezeke. Nitoe pesa? — Mpangaji, Majengo

JIBU: Usitoe, tafadhali. Tangi kubwa litakupa maji ya siku nyingi, presha litakupa ile ile. Presha ya maji yaliyotulia hufuata kimo peke yake, yaani kutoka uso wa maji hadi kwenye mfereji wako, na upana wa tangi hauhusiki hata kidogo. Kila mita moja ya kimo yaongeza kama PSI 1.4. Wewe pengine tangi liko mita moja na nusu juu ya shawa yako, kwa hivo una kama PSI 2, na wa chini ana mita nane, ana kama PSI 11, kutoka tangi moja na maji yale yale. Shawa ya umeme nayo ina swichi ndani inayosukumwa na maji, yasipokuwa na nguvu ya kutosha haifungi na stima haipiti, imewekwa hivo makusudi isije ikaungua bila maji.

Na kuna jambo la pili ambalo lanitia wasiwasi zaidi. Lita 5,000 za maji ni tani 5. Tani 5 juu ya paa ambalo lilijengwa kubeba moja, hapana, kabla mtu hajaweka kitu kama hicho lazima mhandisi aje atazame nguzo na zege, mwenye nyumba asijiamulie.

Fanya hivi badala yake. Kwanza fungua kichwa cha shawa uone kama hakikuziba, maji ya visima vyetu hapa yana chumvi na chokaa na vile vitundu vyazibika haraka sana, kiloweke kwenye siki usiku mmoja. Pili angalia bomba linaloshuka kwako, likiwa jembamba au lina kona nyingi maji yakitembea yapoteza presha njiani kwa kusuguana, badilisha liwe pana. Tatu, stendi ya chuma ya kulipandisha hilo hilo la lita 1,000 kwa mita mbili, mradi fundi anayejua kazi ahakikishe yakaa imara na upepo wa kusi hautalisukuma. Ikishindikana yote weka pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye bomba lako pekee. Maji ya Mzima yateremka kutoka Tsavo mpaka Mombasa zaidi ya kilomita 200 kwa sababu chemchemi iko juu na sisi tuko chini, kimo ndicho chafanya kazi.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori. Natoka Mombasa alfajiri matairi yakiwa na 100, nikifika Mtito Andei saa ya jua kali nikipima napata 113 hata 115. Utingo wangu asema tupunguze yasije yakapasuka. Ni sawa? — Dereva, Changamwe

JIBU: Kaka, usimwachie apunguze. Namba unayopewa na waliotengeneza tairi ni ya tairi baridi, gari limesimama masaa kadhaa. Ukitembea tairi lajikunja na kujikunjua kila linapozunguka, lapata joto, lami nayo ina joto lake, na hewa iliyofungwa mahali pamoja ikipata joto presha yapanda, haina pa kupanuka. Kupanda kutoka 100 hadi 115 kwa lori lililobeba mzigo ni kawaida na waliotengeneza tairi walishalihesabu hilo. Ukipunguza likiwa moto, usiku likipoa utakuwa na kama 87 na mzigo ule ule, asubuhi waondoka tairi likiwa laini, ubavu wajikunja zaidi, joto lazidi, na tairi laini lililozidiwa na joto ndilo hasa linalopasuka. Yaani huyo utingo kwa kutaka kuzuia pancha ndiye atakayeileta. La kukutia shaka ni tairi moja likiwa limepanda mbali kuliko wenzake, au limeshuka, hapo simama utafute sababu, pengine mzigo umeegemea upande au breki yashika.

Kuna kidogo chengine kwa safari yako. Geji haipimi presha yote ya ndani, yapima tofauti ya ndani na nje. Tairi likilala kabisa geji yasoma sifuri lakini ndani mna hewa ya ratili 14.7 kama ya nje. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa ya huko yasukuma kwa kama ratili 12, kwa hivo ukifika geji itakuonyesha PSI 2 na nusu hivi zaidi bila mtu kutia upepo. Na ni sababu hiyo hiyo maharagwe ya Nairobi hayaivi upesi, maji ya huko yachemka kama nyuzi 94 au 95 na yetu hapa ni 100, waliohama kutoka pwani wanalijua hili vizuri.

SWALI: Mwanangu, mimi nina miaka 58, nala vizuri, nalala vizuri, sina deni na mtu, watoto wangu wote wako salama alhamdulillahi. Kijana wangu amenishikilia nikapime presha. Nikamwambia mimi presha ya nini na sina mawazo? Kisha dada yangu anatumia dawa na wakati mwengine huniambia yake ni ya kupanda, wakati mwengine ya kushuka. Nifafanulie. — Mama, Likoni

JIBU: Shikamoo mama. Barua yako ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote, na nakuomba kama mwanao mwengine, nenda ukapime wiki hii.

Utulivu wa roho ni neema kubwa lakini mishipa haijui. Presha ya damu ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa, kama nilivyomweleza ndugu wa Kisauni, ni mambo ya bomba. Mishipa ikikakamaa kwa umri, chumvi ikizidi, mwili ukiongeza uzito, au ikiwa wazazi walikuwa nayo, presha yapanda pole pole na mwenyewe hasikii kitu, haumwi kichwa, haoni kizunguzungu. Hofu na hasira zaipandisha kwa muda, ni kweli, na dhiki ya miaka mingi haimsaidii mtu, lakini kuna watu watulivu kabisa ambao presha yao ni 170, na kuna wenye mawazo chungu nzima ambao yao ni 115. Shirika la Afya Duniani lasema watu wazima zaidi ya bilioni moja wana presha ya juu na karibu nusu yao hawajui. Wengi wanakuja kujua siku mkono umekataa kuinuka au mdomo umekwenda upande, na wakati huo figo na moyo vishaumia. Waingereza nao jina lao la kidaktari la ugonjwa huu, hypertension, lina sauti ya wasiwasi (tension) ndani yake na watu wao pia wanadhani ni ugonjwa wa wenye wasiwasi, si sisi peke yetu.

Namba ziko mbili. Ya juu ni presha wakati moyo wajikamua kusukuma damu, ya chini ni wakati moyo umepumzika kabla ya pigo lengine. Zote mbili ni za mtu mmoja kwa wakati mmoja, hiyo ya juu si "ya kupanda" wala ya chini si "ya kushuka", na nahisi dada yako hapo ndipo amechanganyikiwa. Presha ya kupanda ni pale vipimo vinapokuwa 140 kwa 90 au zaidi, na hupimwa zaidi ya siku moja kabla daktari hajasema una ugonjwa. Ya kushuka ni pale imekuwa ndogo mno mpaka mtu aona kizunguzungu akiinuka, na kwa anayetumia dawa yaweza kuwa dozi imezidi, amwambie daktari wake, asiache dawa kwa kujiamulia na asianze kuzinywa siku akijisikia vibaya tu. Na wewe mama usije ukaonja dawa zake.

Ukienda kupima usitoke kwenye feri ukapanda ule mlima mbio ukaketi ukanyoosha mkono hapo hapo. Nenda haja ndogo kwanza, usiwe umetoka kunywa kahawa, keti dakika tano mgongo umeegemea, miguu yote chini usiikunje, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ufungwe kwenye ngozi na si juu ya buibui, na usizungumze wakati mashine yafanya kazi. Wapime mara mbili. Uandike namba kwenye karatasi, usikubali kuambiwa "iko sawa" tu ukaondoka.

Na chumvi, kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu utakachokula kutwa, pamoja na ile iliyomo kwenye ng'onda, achari na mkate. Najua ng'onda kwa wali wa nazi vilivyo vitamu, sikuambii uache, ila mloweke na ubadilishe maji kabla hujampika, na usiweke chumvi nyengine kwenye mchuzi.

SWALI: Nimenunua mashine ya presha ya kutumia nyumbani. Yaonyesha namba tatu. Mbili nazijua, ya tatu ni presha ya nini? — Msomaji, Mikindani

JIBU: Hiyo si presha, ni idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika, kwa mtu mzima aliyekaa kutulia huwa kati ya 60 na 100. Iandike pia pembeni ya zile mbili. Na angalia upana wa mkanda ulionunua, kama mkono wako ni mnene na mkanda ni mdogo itakusomea namba kubwa kuliko ilivyo, maduka mengi yana wa saizi ya pili ukiulizia.